Miezi kumi na minne iliyokosekana katika taarifa yangu ya NSSF

Mwezi wa Machi mwaka 2024, usiku mmoja baada ya watoto kulala, nilifungua taarifa yangu ya michango ya NSSF, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii ya Kenya, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi mwaka 2004. Nilikuwa na haja ndogo tu. Mwajiri wangu alikuwa ametuarifu kwamba makato yangepanda kuanzia mshahara wa Februari, nami nilitaka kuhakikisha kwamba kilichokatwa kwenye mshahara ndicho kilichofika kwenye hazina. Kilikuwa kimefika, tena kamili. Basi nikaendelea kupekua kurasa za nyuma bila sababu maalumu, nikipita mwajiri mmoja baada ya mwingine, hadi nikafika kwenye kiwanda cha uchapishaji cha Eneo la Viwanda, Nairobi, nilikoanzia kazi nikiwa kijana, na hapo nikaona kwamba baada ya Juni 2008 safu ya miezi ilirukia moja kwa moja Septemba 2009.

Nilihesabu kwa kidole juu ya kioo cha simu: Julai 2008 hadi Agosti 2009, miezi 14. Katika miezi hiyo sikuwa nimeacha kazi, sikuwa likizoni bila malipo, wala sikuwa mgonjwa. Nakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo miezi tuliyochapa kalenda za mwaka 2009 usiku na mchana, na harufu ya wino ilikuwa haitoki kwenye nguo zangu hata baada ya kufuliwa mara mbili.

Wakati ule mchango wa NSSF ulikuwa shilingi 200 kutoka kwa mfanyakazi na shilingi 200 kutoka kwa mwajiri, yaani 400 kwa mwezi. Miezi 14 ni shilingi 5,600. Watu wawili ninaowaheshimu waliniambia kwamba fedha hizo hazifiki hata nauli ya kuzifuatilia, na kwamba ningepoteza siku za kazi kwa jambo lisilo na faida. Niliwaelewa, lakini sikukubaliana nao. Fedha za mwanachama huongezewa riba mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kilichokosekana mwaka 2008 kimekosa pia riba ya miaka yote iliyofuata. Zaidi ya hayo, kiwanda kile kilifungwa mwaka 2019, na katika uwanja wake leo kuna bohari la vigae. Rekodi ile ya hazina ndiyo karatasi ya pekee ya serikali inayosema kwamba mimi nilikuwa pale, katika mwezi fulani wa mwaka fulani, nikifanya kazi halali. Sikuwa tayari kuiacha iseme kwamba sikuwepo.

Kabla ya kukimbilia kulalamika, mtu anapaswa kwanza kujua kuisoma taarifa yenyewe, kwa sababu mengi yanayoonekana kuwa makosa si makosa. Nimewasaidia wenzangu kadhaa tangu wakati huo, na karibu kila mmoja alianza kwa kushtukia jambo ambalo lina maelezo. Sheria mpya ya NSSF ilitungwa mwaka 2013, lakini kwa sababu ya kesi zilizofunguliwa dhidi yake, waajiri wengi waliendelea kulipa zile 200 kwa 200 hadi Mahakama ya Rufaa ilipotoa uamuzi tarehe 3 Februari 2023. Kwa hiyo ukiona 400 katika kila mwezi wa mwaka 2016 au 2020, usidhani umeibiwa. Kuanzia Februari 2023 kiwango kilikuwa asilimia 6 ya mshahara kwa kila upande, lakini kwa vikomo vinavyopanda mwaka hadi mwaka: mwaka wa kwanza kikomo cha juu kilikuwa mshahara wa shilingi 18,000, kuanzia Februari 2024 kikawa 36,000, na kuanzia Februari 2025 kikawa 72,000. Chukua mtu anayelipwa 45,000. Mwaka 2023 alikatwa 1,080, mwaka 2024 akakatwa 2,160, na kuanzia Februari 2025 anakatwa 2,700, ambayo ndiyo asilimia 6 ya mshahara wake mzima, na mwajiri wake anaongeza kiasi kilekile. Katika taarifa yake kiasi cha mwezi kinapaswa kuwa mara mbili ya hicho kinachoonekana kwenye hati yake ya mshahara. Kikionekana nusu, hapo ndipo pa kuuliza.

Kuna na lile la madaraja mawili, ambalo limewatisha wengi. Mchango wa daraja la kwanza, yaani ule wa sehemu ya chini ya mshahara, ambao mwaka 2025 ulikuwa shilingi 480 kwa kila upande, lazima uende NSSF. Ule wa daraja la pili, yaani wa sehemu inayobaki hadi kikomo cha juu, mwajiri anaweza kuruhusiwa kuupeleka kwenye mfuko mwingine wa pensheni ulioidhinishwa, na ikiwa mwajiri wako amefanya hivyo, taarifa ya NSSF itakuonyesha ule wa daraja la kwanza tu, ambao mwaka 2025 ulikuwa jumla ya 960 kwa mwezi. Fedha zako zilizobaki ziko kwenye mfuko ule mwingine, ambao nao una taarifa yake, na unapaswa kuiomba na kuikagua kwa makini yaleyale.

Jambo la mwisho ni tarehe. Makato ya mwezi mmoja hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mtu akikagua taarifa yake tarehe 3, mwezi uliopita huenda ukawa bado haujaingia, na hilo si kosa la mtu yeyote.

Pengo langu halikuwa na maelezo ya namna hiyo, kwa hiyo nilianza kutafuta karatasi. Mama yangu alinilea kwa kanuni kwamba karatasi yenye mhuri haitupwi, na ninamshukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Chini ya kitanda nina sanduku la bati la rangi ya kijani ambamo nilikuta barua yangu ya ajira, hati 9 za mshahara kati ya zile 14 nilizozihitaji, na fomu za P9 za mwaka 2008 na 2009, zile ambazo mwajiri humpa mfanyakazi kila mwisho wa mwaka kwa ajili ya kodi. Hati za mshahara zilikuwa zimefifia hivi kwamba moja niliisoma kwa kuiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, lakini katika kila moja ulikuwepo mstari ulioandikwa NSSF 200. Nilikuta pia taarifa za benki za kipindi kile, nikafurahi, kisha nikatambua kwamba hazikunisaidia sana, kwa kuwa benki inaona mshahara uliobaki baada ya makato na haijui kilichokatwa ni nini. Ushahidi wenye uzito ni ule unaoonyesha makato yenyewe: hati ya mshahara na P9.

Kilichokosekana ni cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe cheti hicho kila mfanyakazi anayeondoka baada ya kufanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi, kikiwa na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mimi niliondoka mwaka 2011 kwa haraka ya kuanza kazi mpya na sikukiomba. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ahifadhi maelezo ya ajira kwa miaka 5 baada ya mfanyakazi kuondoka. Yangu, basi, yangeweza kuchomwa moto kihalali mwaka 2016. Na madai yanayotokana na mkataba wa ajira yana kikomo cha miaka 3 kufikishwa mahakamani. Nilipoyaweka mambo haya matatu pamoja ndipo nilipoelewa uzito wa kuchelewa kwangu: nilikuwa nimekaa miaka 15 bila kuangalia, na katika miaka hiyo kila mtu na kila kabati ambalo lingenitetea lilikuwa likiondoka polepole.

Kilichonisaidia zaidi ya karatasi zote ni wenzangu wa zamani. Sisi tuliofanya kazi kiwandani pale bado tunawasiliana, hasa wakati wa matanga na harusi, nami nikawaomba wanne kati yao wafungue taarifa zao na waniambie tu jambo moja: miezi ya 2008 na 2009 ikoje? Majibu yalikuja siku ile ile. Wote wanne walikuwa na michango yao kamili kuanzia Julai 2008 hadi Mei 2009. Na wote wanne, bila hata mmoja kubaki, hawakuwa na kitu mwezi wa Juni, Julai na Agosti 2009.

Nilisoma ujumbe ule mara kadhaa. Nilichokuwa nikikiona kama pengo moja la miezi 14 kilikuwa mapengo mawili yaliyoshikana. Miezi 11 ya mwanzo ilikuwa imepotea kwangu peke yangu, maana yake fedha zilitoka kiwandani pamoja na za wengine lakini hazikunifikia. Miezi 3 ya mwisho ilikuwa imepotea kwa sote, maana yake huenda fedha hazikutoka kabisa. Haya ni makosa mawili tofauti, yenye njia mbili tofauti za kuyarekebisha, na kama ningeenda ofisini na dai moja la miezi 14 ningezungushwa kwa miezi mingi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kwa anayekabiliwa na jambo kama hili, ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya kwenda popote, muulize mwenzako aliyekuwa akilipwa dirisha moja nawe.

Mzee aliyekuwa akiandaa mishahara yetu alistaafu zamani na anaishi mtaa wa Umoja. Nilimpigia simu, akanitaka nifike nyumbani siku ya Jumapili baada ya ibada. Alinikaribisha kwa chai, akaiweka hati yangu ya mshahara ya Julai 2008 mezani karibu na kadi yangu ya NSSF, akavaa miwani, na kwa ncha ya kalamu iliyofunikwa akaanza kulinganisha tarakimu moja baada ya nyingine huku akizitamka kwa sauti ya chini. Alipofika katikati, kalamu ikasimama.

“Mwanangu, tazama hapa. Kadi inasema nne saba. Karatasi inasema saba nne.”

Nilikuwa nimezitazama hati zile kwa wiki nzima na sikuwa nimeona. Nilitazama mstari wa fedha, ule wa 200, kwa sababu ndio niliokuwa nikiutafuta, na sikuwahi kuisoma nambari ya uanachama iliyochapishwa juu kabisa chini ya jina langu. Mzee alinieleza kwamba katikati ya mwaka 2008 kiwanda kiliacha kuandika mishahara kwenye vitabu vikubwa kikaanza kutumia kompyuta, na nambari za wafanyakazi wote ziliingizwa upya kwa mkono, kwa siku mbili, na kijana aliyeajiriwa kwa kibarua. Mwaka uliofuata aligundua kosa langu alipokuwa akikagua orodha, akalisahihisha kwa miezi iliyofuata, lakini hakuna aliyeandika barua ya kurekebisha miezi iliyokwisha kupita. Kuhusu ile miezi mitatu alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kiwanda kilikuwa na shida ya fedha, mishahara yenyewe ilichelewa, na makato hayakupelekwa. Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, na aliniomba radhi kana kwamba fedha zile zilikuwa mfukoni mwake. Nilimwambia kwamba sina kinyongo naye, nami sina.

Alikubali kuyaandika maelezo hayo. Tulikwenda pamoja kwa kamishna wa viapo mjini, akaapa, nikapata hati ya kiapo ya kurasa mbili.

Nilianzia kituo cha Huduma cha Posta Kuu, Kenyatta Avenue, kile kilichofunguliwa Novemba 2013 kikiwa cha kwanza nchini. Nilichukua tiketi, nikangoja zamu yangu, nikapewa taarifa iliyochapishwa na kuelezwa nyaraka zinazotakiwa. Baadaye nilikwenda makao makuu ya hazina katika Social Security House, Barabara ya Bishops, na barua yangu mkononi.

Kuhusu barua hiyo nitasema kwa kirefu, kwa kuwa naamini ndiyo iliyofanya kazi. Niliandika ukurasa mmoja tu. Nilitaja jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari yangu sahihi, nambari iliyokosewa, jina la mwajiri na miezi 11 kwa kuiorodhesha mmoja mmoja, kisha nikaomba waangalie orodha ambayo mwajiri aliwasilisha kila mwezi, ambamo jina langu lingekuwepo pembeni mwa nambari isiyo yangu. Sikuomba watafute fedha zilizopotea, kwa sababu hilo ni ombi lisilo na mwisho. Niliwaelekeza mahali pa kutazama. Miezi mitatu niliiweka kwenye barua ya pili, peke yake, kama malalamiko kwamba mwajiri alikata na hakuwasilisha. Katika barua zote mbili nilitaja Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 35, ambayo inampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au zinazopotosha kumhusu zisahihishwe au zifutwe, na nikataja pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo inatoa haki ya namna hiyo kwa data binafsi. Sikuzitaja kwa kutisha. Afisa anayepokea barua naye ana mkubwa wake, na barua inayotaja sheria humpa msingi wa kuipeleka mbele. Nilibeba nakala mbili za kila kitu, moja wakaichukua, ya pili ikagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye sanduku la bati.

Nakala halisi sikumwachia mtu. Nilizionyesha, zikalinganishwa mbele yangu, nikarudi nazo nyumbani.

Watumishi wa serikali wana mambo yao ambayo siyajui kwa undani kama haya, lakini shemeji yangu ni afisa wa kilimo na tumeyazungumza sana. Kwake suala si nambari bali ni faili. Umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, na kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa siku mtu alipoajiriwa mara ya kwanza ina uzito mkubwa. Kisha mwaka 2013 wengi wao walihamishiwa serikali za kaunti, na mtu anapaswa kuhakikisha kwamba barua ya uhamisho imo kwenye faili na kwamba utumishi wake unaonekana bila kukatika kati ya ngazi moja na nyingine. Amejipangia kuomba kuliona faili lake mwaka huu, akiwa bado na miaka 11 ya kazi, na nimemsihi asiahirishe.

Dada zangu walioolewa ningependa pia wakague jina. Nambari ya kitambulisho haibadiliki mwanamke anapochukua jina la mumewe, lakini jina lililo hazinani, lililo kwa mamlaka ya kodi na lililo kwenye orodha ya mshahara linaweza kuwa matatu tofauti, na ni rahisi kulilinganisha leo ukiwa na cheti cha ndoa mkononi kuliko siku ya kudai mafao. Kwa maoni yangu, kila mwajiri angepaswa kumkabidhi mfanyakazi taarifa ya michango ya mwaka pamoja na P9. Karatasi moja zaidi kila Januari ingetosha, na ningeliona kosa langu Januari 2009, kiwanda kikiwa bado kimesimama na kijana yule wa kibarua bado akikumbuka alichoandika.

Miezi 11 ilirudi. Ilichukua majuma kadhaa na safari tatu, na mara ya tatu afisa aligeuza kioo cha kompyuta upande wangu ili nijionee: Julai 2008, 400, Agosti 2008, 400, na kuendelea chini hadi Mei 2009, kila mwezi ukiwa na jina la kiwanda ambacho hakipo tena. Niliomba ichapishwe, nikaipeleka Umoja, na mzee akaisoma yote kwa kalamu ileile.

Miezi 3 bado. Wenzangu wanne wameandika barua zao pia, ili dai liwe la watu watano na siyo la mmoja, na mmoja wao amepata hati ya mshahara ya Julai 2009 ambayo mimi sikuwa nayo, yenye makato yaliyoandikwa wazi. Tumekubaliana kukutana Jumamosi hii nyumbani kwangu Buruburu, kila mtu na bahasha yake, tuziweke karatasi zote mezani na kuandika orodha moja ya nani ana ushahidi wa mwezi gani kabla ya kurudi Barabara ya Bishops.